Geita walipovuka kwenda Mwanza: maandamano ya 1958 na ile sentensi ya "si utamaduni wetu"

Kuna sentensi ambayo Mtanzania wa umri wangu ameisikia mara nyingi mpaka masikio yameota sugu: maandamano si utamaduni wetu. Utaisikia redioni kwa kiongozi wa mkoa, utaisikia kwa kamanda wa polisi akiongea na waandishi, na utaisikia msibani kwa mjomba ambaye hata hajaulizwa. Wakenya ndio wenye mambo hayo, wanasema. Sisi ni watu wa amani, tunakaa chini, tunaongea, yanaisha.

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Sentensi hii inanikera kwa sababu ya kienyeji kabisa, kwamba anayeisema hajui ya nyumbani kwetu.

Mwaka 1958 watu wa wilaya ya Geita waliondoka makwao, wakavuka ghuba, wakaenda Mwanza mjini kumwambia Mkuu wa Jimbo kwamba baraza la wilaya walilowekewa hawalitaki. Hawakwenda na mikuki. Walikaa pale mjini siku kadhaa wakisubiri jibu, na jibu likaja kwa mabomu ya machozi na virungu. Haikupita miezi mingi Serikali ya kikoloni ikawa imeachana na mpango wa kulazimisha mabaraza ya aina ile, na TANU, iliyokuwa imepigwa marufuku Usukumani tangu 1954, ikaruhusiwa kufungua matawi yake waziwazi.

Katika vitabu vya historia nilivyosomea shule ya msingi na sekondari haya hayakuwemo. Tulisoma Maji Maji, tukasoma Julai 7, 1954, halafu tukaruka moja kwa moja hadi Desemba 9, 1961, kama vile uhuru ulipanda treni Dar es Salaam ukashuka wenyewe stesheni ya Shinyanga. Mtu aliyeiandika habari ya Geita kwa kirefu ni Mmarekani, Andrew Maguire, aliyekuja kufanya utafiti Mwanza miaka ya mwanzo ya uhuru na kutoa kitabu chake mwaka 1969. Baadaye aliingia kwenye siasa za kwao akawa mbunge katika Bunge la Marekani akiwakilisha New Jersey. Huwa nafikiria kwamba pengine alijifunza mawili matatu kwa wazee wa Usukumani.

Lakini tukianza na mabomu ya machozi hatutaelewa kitu. Lazima tuanze na matuta.

Usukuma wa wakati ule ulihesabiwa kuwa wilaya tano: Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya pamba na hofu ya mmomonyoko wa udongo, na mambo hayo mawili yakazaa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ambao makao yake yalikuwa Malya. Watemi wa wilaya zote wakaunganishwa katika shirikisho moja, na kupitia kwao zikatoka sheria. Ulime kwa matuta, na matuta yafungwe kwa vituta vya katikati ili maji yasikimbie. Upande muhogo wa akiba ya njaa. Utie samadi shambani. Ung'oe na kuchoma miti ya pamba kabla ya tarehe fulani. Upunguze ng'ombe. Usikate mti bila ruhusa, usihamishe mifugo bila cheti.

Nitasema jambo ambalo wenzangu wa siasa huwa hawapendi kulisikia: baadhi ya sheria hizo zilikuwa na akili. Mabaki ya pamba usipoyachoma, wadudu wanalala humo wakisubiri msimu ujao, na mkulima yeyote wa Kishapu au Maswa atakuambia hivyo leo bila kufundishwa na mzungu. Samadi nayo ni samadi. Kilichowaudhi watu ni namna. Bwana shamba alikuja, akapima, akaandika. Mwanangwa wa kijiji akatumwa kumleta mkosaji, na mkosaji akasimamishwa katika baraza la mtemi akalipa faini, na asiye na faini akaenda kifungoni. Hakuna aliyemuuliza mama mwenye watoto sita na jembe moja kwamba matuta ya ekari ile atayafunga saa ngapi. Babu yangu alilima pamba maisha yake yote, na alikuwa mtu wa utani mwingi, lakini ukitaja neno "matuta" utani ulikuwa unakatika hapohapo. Kuhusu ng'ombe alikuwa anacheka. Alisema siku ya kuhesabiwa, ng'ombe wa Usukumani walikuwa wanajua kutembea usiku kimyakimya kuliko wezi.

Hapo ndipo suala la utamaduni linapoingia, na mimi nalichukulia kwa uzito kuliko wale wanaolitumia kutunyamazisha. Mtemi wa Kisukuma wa zamani hakuwa mfalme wa kufanya atakavyo. Walikuwepo wazee wa ikulu yake, banang'oma, ambao ndio waliomchagua, na mambo yakiharibika, mvua zikigoma, nchi ikichukia, wangeweza kumwondoa. Mtemi alijua hilo. Ukoloni ulipomweka mtemi kwenye mshahara na kumfanya awajibike kwa Bwana Shauri badala ya kwa wazee, ndipo ulipovunja utamaduni. Kwa hiyo watu waliokwenda kudai kusikilizwa mwaka 1958 ndio walioushikilia utamaduni, na aliyeuvunja alikuwa amekaa ofisini.

Sasa TANU. Kabla yake kulikuwa na TAA, na TAA ya Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa moto kuliko ya Dar es Salaam, msiniambie kitu. Paul Bomani alikuwepo. Isaac Bhoke Munanka alikuwepo. Na alikuwepo Saadani Abdu Kandoro, mtu wa Ujiji, mshairi, katibu wa TAA katika Jimbo la Ziwa na mmoja wa waliokaa kikao cha kuiunda TANU mwaka 1954. Wasomaji wa ushairi wanamjua kwa shairi lake la siafu na nyoka, lile ambalo wengi wetu tulilikuta shuleni tukalichambua kama zoezi la mafumbo, tukapewa alama, tukalisahau. Ni vizuri kulisoma tena ukijua kwamba aliyeliandika alikuwa mratibu wa siasa katika jimbo lenye mikutano ya kuvizia na makachero. Nyoka mmoja mkubwa shimoni, siafu wengi wadogo nje. Mtu anaweza kuliita shairi, na mtu mwingine anaweza kuliita maelekezo ya kazi.

Serikali ilijibu haraka. Tangu 1953 ilikuwa imeshawakataza watumishi wake wa umma kujiunga na vyama vya siasa, na katazo hilo liliwapiga walimu na makarani, yaani watu wenyewe waliojua kuandika barua. Mwaka 1954 TANU ilipoomba kuandikishwa Usukumani ikakataliwa, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1958. Miaka minne! Kwingine Tanganyika chama kinafanya mikutano, kinauza kadi, na Nyerere anakwenda Umoja wa Mataifa na kurudi. Usukumani, eneo lenye kabila kubwa kuliko yote nchini, kadi ya TANU ni kosa.

Watu walifanya nini miaka hiyo minne? Walipima pamba.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa hiyo mnivumilie nikae hapa kidogo. Malalamiko ya mkulima wa pamba dhidi ya mnunuzi hayakuwa ya nadharia. Unabeba mzigo wako kutoka Mwagala huko, unafika kwa mnunuzi, karani anaweka kwenye mizani, anataja namba. Wewe huijui mizani. Unachojua ni mgongo wako, na mgongo unakuambia namba ile ni ndogo. Wakulima walianza kwa kuweka watu wao wenyewe pembeni ya mizani, wapimaji wa kujitegemea, mtu wetu anayejua kusoma namba asimame pale. Ni jambo dogo sana hili. Halina hotuba wala bendera. Lakini ukishamweka mtu wa kusoma mizani, lazima umlipe, na ili umlipe lazima mchange, na mkichanga lazima pawe na mweka hazina, na mweka hazina anahitaji kamati ya kumkagua. Bomani na wenzake wakayaunganisha haya yote katika vyama vya ushirika vya msingi, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Victoria, ambao kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, wenye majineri yake wenyewe.

Serikali ilifurahi. Kwa macho yake ushirika ulikuwa maendeleo, na siasa ilikuwa kitu kingine. Ukweli ni kwamba ushirika ulikuwa unawafundisha watu kuitisha mkutano, kuandika mihtasari, kuchagua mjumbe wa kwenda kusema kwa niaba ya wengine na kumhoji akirudi. Anayetaka kujua maandamano yanaandaliwaje, asitafute siri kubwa. Yanaandaliwa na watu ambao tayari wana daftari la majina na wanaaminiana kwenye hela.

Na chini ya ushirika kulikuwa na mitandao mingine ya zamani zaidi. Vijana wa Kisukuma walikuwa na vikundi vya kulima kwa zamu, vyenye kiongozi wao, nsumba ntale, ambaye neno lake kwa vijana lilikuwa na nguvu kuliko la mwanangwa. Kulikuwa na vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo kila baada ya mavuno vilikuwa vinakusanya watu wengi kutoka vijiji vya mbali, vikashindana wiki nzima. Ukoloni uliziona ngoma hizi ukazipiga picha. Sidhani kama uliwahi kujiuliza ni nani anayepanga nani alale wapi, nani apike, nani apeleke taarifa kijiji cha pili.

Turudi Geita. Geita ilikuwa tofauti kidogo na sisi wa mashariki ya ghuba. Wenyeji wake ni Wazinza, lakini Wasukuma walikuwa wanahamia huko kwa wingi kutafuta ardhi kwa sababu kwao pamejaa, na Serikali yenyewe iliwahimiza. Kulikuwa na mgodi wa dhahabu uliokuwa ukifanya kazi tangu miaka ya 1930 na ukafungwa katikati ya miaka ya 1960. Mtu aliyehama na familia, akafyeka pori la mbung'o, akajenga, ni mtu mwenye wasiwasi wa pekee juu ya ardhi. Na wote walikuwa wamesikia habari za Meru. Mwaka 1951 Serikali iliwaondoa Wameru kama 3,000 huko Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kulisema jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Alipoporudi alizunguka nchi nzima akisimulia. Somo lililobaki kwa wasikilizaji lilikuwa fupi: wakija wazungu kwenye mabaraza yenu, ardhi inafuata.

Basi katika hali hiyo Serikali ikaamua kwamba Geita ipate baraza la wilaya la rangi mchanganyiko, lenye Waafrika, Wazungu na Wahindi. Gavana Twining aliupenda mno mpango huu wa mataifa matatu. Ndio uliozaa pia ile kura tatu ya uchaguzi wa 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Kwenye karatasi ilionekana ni usawa. Geita, wilaya ya wakulima Waafrika na wazungu wachache wa mgodini na misheni, ilionekana ni njia ya kuleta wageni wakae juu ya ardhi ya watu. Wananchi hawakuulizwa. Watemi waliombwa wakubali, wakakubali, na kwa kukubali kwao wakajitenga na watu wao wenyewe.

Upinzani ulianza kama unavyoanza kila mahali, kwa kutotii kidogokidogo. Watu wakaacha kwenda kwenye mabaraza. Maagizo ya shamba yakapuuzwa. Kodi ikawa ngumu kukusanya. Wajumbe wakapelekwa kwa Bwana Shauri na malalamiko, wakarudi mikono mitupu. Na katikati ya mwaka 1958 uamuzi ukawa kwamba kama wilaya haisikii, twende jimboni.

Naomba msomaji atazame ramani. Kutoka Geita mjini hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 100, na katikati kuna ghuba ya ziwa ambayo lazima uivuke kwa maji. Wilaya ilikuwa kubwa, Sengerema ilikuwa ndani yake, kwa hiyo wengine walitoka karibu zaidi. Hata hivyo, hakuna aliyejikuta Mwanza kwa bahati mbaya. Maandamano maarufu ya Selma hadi Montgomery kule Alabama, ambayo kila mtu mwenye simu ameyaona kwenye video, yalikuwa kilomita 87 na yalifanyika mwaka 1965. Geita ilitangulia kwa miaka saba. Hakukuwa na kamera.

Umati ule ulipofika Mwanza ulikaa. Neno la msingi ni hilo, kukaa. Hawakupita tu wakipiga kelele wakarudi. Walipiga kambi, wakawa wanaonekana kila asubuhi wakubwa wa Serikali walipokuwa wanakwenda ofisini. Mbinu hii haikuwa ngeni Tanganyika. Miaka 13 kabla, mwezi Januari 1945, Wapare waliokataa kodi ya mbiru walikwenda makao ya wilaya, Same, kwa maelfu, wakakaa pale miezi, wakipokezana, wengine wakirudi kulima na wengine wakija. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakatoka kumkabili mkuu wa wilaya kwamba waume zao wamekaa Same na watoto wanahitaji baba, kwa hiyo aamue. Kodi ile ikafutwa. Ukimwambia mama wa Usangi wa mwaka ule kwamba maandamano ni mambo ya Wakenya, sijui angekujibu nini, lakini lisingekuwa jibu la kuandikika hapa.

Kule Mwanza polisi walipewa amri ya kuwatawanya watu, wakatumia mabomu ya machozi. Serikali ilikuwa na woga wake: Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na kila ofisa wa Tanganyika alikuwa akiota Mau Mau. Ndiyo maana nidhamu ya watu wa Geita ilikuwa na maana kubwa kuliko tunavyoweza kufikiria leo. Nyumba zikichomwa tu, mtemi mmoja akiuawa tu, ingepatikana sababu ya kuleta askari na kuifunga TANU nchi nzima. Viongozi wa TANU walilijua hilo wakawa na wasiwasi. Chama hakikuwa kimeruhusiwa pale, hivyo hasira hizi hazikuwa zao kuziwasha wala kuzizima wapendavyo. Nadhani ni makosa kusema TANU iliwaongoza watu wa Geita. Karibu zaidi na ukweli ni kwamba watu wa Geita waliiburuta TANU.

Nyerere mwenyewe wakati huo alikuwa na kesi. Mwaka 1957 alikuwa amepigwa marufuku kwa miezi kadhaa kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 akaandika katika Sauti ya TANU makala yaliyowashambulia wakuu wa wilaya kwa namna walivyowaonea wananchi na wanachama, na Serikali ikamshtaki kwa kashfa. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, yule Mwingereza aliyewahi kumtetea Kenyatta Kapenguria. Mwezi Agosti mahakama ikamtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Wapo waliotaka aende jela ili apate taji la mfungwa kama Nkrumah na Kenyatta. Hakwenda. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ameshafika mwezi Julai, na Oktoba 1958 akatangaza katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba Tanganyika ikifika kwenye serikali yake yenyewe, wengi katika Serikali na Baraza watakuwa Waafrika. Sheria za matuta na ng'ombe zikalegezwa mpaka zikafa. Mabaraza ya rangi mchanganyiko yakaachwa. Wanahistoria wa Dar es Salaam wanapenda kuyaeleza mabadiliko haya kwa tabia ya Turnbull na busara ya Nyerere, na vyote viwili vilikuwepo. Lakini gavana anayeingia ofisini na kukuta wilaya nzima imekataa kutawalika hana haja ya kuwa na tabia nzuri sana.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa naandika risala ya sherehe.

Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa. Usukumani sheria ndogo za ekari za lazima zilirudi, zikisainiwa sasa na majina ya kwetu. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, na watu wakahamishwa kutoka kwenye maboma yao. Na mwaka 1976 vyama vya ushirika, vile vilivyoanza na mtu mmoja wa kusoma mizani, vikafutwa na Serikali ya chama ambacho vilikibeba mgongoni kilipokuwa haramu. Babu alikuwa na kadi ya TANU na baadaye ya CCM, akazitunza zote kwenye sanduku la bati. Hakuona mgongano wowote kati ya kadi zile na maneno aliyokuwa akiyasema kuhusu mwaka ule wa 1976, ambayo siyaandiki.

Ukanda wa dhahabu nao una yake. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, Kahama, mkoa wa Shinyanga, waliondolewa ili kuipisha kampuni. Kabla ya hapo walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu Tabora. Wakili na hakimu, hayo ndiyo waliyoyatanguliza. Yakafuata madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni; Serikali na kampuni wakakanusha, na mawakili walioshinikiza uchunguzi huru, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, wakaishia kushtakiwa wao kwa uchochezi. Kashfa mwaka 1958, uchochezi baada ya miaka zaidi ya 40. Kiswahili chetu cha mashtaka kina msamiati mfupi.

Kuhusu sheria, watu wengi hawajui kwamba jambo hili lilishaamuliwa. Oktoba 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alisema kwamba kulazimisha watu kuomba kibali cha kukusanyika ni kinyume cha Katiba. Bunge likabadilisha sheria: badala ya kibali, taarifa kwa polisi, saa 48 kabla. Taarifa siyo ombi. Nikitoa taarifa kwa jirani kwamba kesho nina harusi simwombi ruhusa ya kuoa. Lakini muulize mtu yeyote mtaani leo, atakuambia "wameomba kibali wakanyimwa". Neno lilifutwa mahakamani likabaki midomoni, na mikutano ya siasa ikazuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023 bila sheria mpya hata moja kuhitajika. Halafu Februari 2024 Chadema waliandamana Mwanza, polisi wakiwa pembeni, watu wakatembea, wakaimba, wakarudi nyumbani. Kumbe inawezekana! Wafanyabiashara wa maji ya kunywa walipata hela siku ile.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mambo yalikuwa mengine. Vijana walitoka barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Sitaandika hesabu hapa, kwa kuwa wafu wa mwaka huo wana ndugu ambao bado wanatafuta majina kwenye orodha. Siku zilizofuata nilisikia tena ile sentensi ya utamaduni, safari hii ikisemwa na watu wazima wenye huzuni ya kweli, na nikaona ina kazi mbili. Inamwambia kijana kwamba yeye ni mgeni kwao. Na inamnyima mafunzo, maana ukimwambia mtu kwamba babu zake hawakuwahi kufanya jambo hili, hatakwenda kuwauliza walilifanyaje: nani alihifadhi majina, nani alipika, nani alisimama mbele ya wenye hasira akawaambia jiwe hilo liweke chini, kwa nini walikaa badala ya kukimbia, na waliporudi Geita mikono ikiwa bado inanuka moshi walifanya nini Jumatatu iliyofuata.

Mtu aliyekuwa na miaka 20 siku ile ya Mwanza sasa anakaribia 90. Wapo, Sengerema, Nzera, Katoro, wengine wamehamia kwa wajukuu Shinyanga na Kahama. Geita imekuwa mkoa tangu 2012 na ina mgodi mkubwa na barabara ya lami. Ghuba nayo haihitaji tena kivuko: tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita tatu kutoka Kigongo hadi Busisi, basi linapita dakika chache tu, abiria wote simu juu wakipiga picha ya maji. Nimelipita mara nne. Kuna vibao vya mwendo kasi, kuna kibao cha jina la daraja. Cha waliovuka mwaka 1958 sijakiona upande wowote.